Kuchagua Dawa ya Filamu: Tusioshe Picha kwa Mazoea

Wahenga walilonga kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, lakini nilipoteza picha 36 za nyanya yangu akisuka ukili kibarazani, na hasara hiyo ndiyo iliyonisukuma kuishika kalamu. Fundi mmoja mkongwe wa studio alikuwa amenionya: “Mwanangu, dawa iliyokaa usiiamini kwa kuitazama.” Nikampuuza. Nilikuwa na nusu chupa ya dawa ya kusafishia filamu, ile ya jamii ya vitamini C, niliyokuwa nimeichanganya miezi minane nyuma. Ilikuwa angavu kama maji ya kisima. Nikaimimina katika tangi, nikahesabu dakika, nikafuata kila hatua. Nilipofungua, filamu ilikuwa tupu, inapitisha mwanga mithili ya kioo cha dirisha. Hata zile nambari ambazo kiwanda huziweka pembezoni mwa filamu kwa mwanga hazikuwapo. Nambari hizo zikionekana huku picha hazipo, mlaumu kamera. Zikikosekana nazo, mlaumu dawa. Nyanya alifariki kabla sijarudi nyumbani.

Makala haya yanashikilia kwamba mwanafunzi anayesafisha filamu zake za nyeusi na nyeupe nyumbani hana budi kuchagua dawa kwa kuzingatia mambo matatu: anapiga filamu ngapi kwa mwezi, maji yake yana joto kiasi gani, na dawa hiyo huishi muda gani ndani ya chupa. Sifa za dawa vinywani mwa watu si kigezo. Nalielekeza suala hili kwa wasomi wa Kiswahili kwa kuwa wenzetu kadhaa wamerudia kamera za filamu wanapokwenda nyanjani kuwarekodi manju, mafundi na wazee wetu. Mzee akishatutoka, harudi kupigwa picha mara ya pili.

Kwanza tuitazame lugha yenyewe. Tunasema “kuosha picha” au “kusafisha picha”. Vitenzi hivi vimekita mizizi, nami sipendekezi ving’olewe. Hata hivyo, vina udanganyifu fulani ndani yake. Kuosha ni kuondoa uchafu juu ya kitu ambacho tayari kipo, nacho kitu kikiwapo, sabuni yoyote itafaa. Filamu haiko hivyo. Juu yake mna utando wenye chumvi za fedha. Mwanga ukizigusa chembe za chumvi hizo huacha alama isiyoonekana kwa jicho. Dawa ya kwanza ndiyo inayozigeuza chembe zilizoguswa ziwe fedha halisi, nyeusi, zinazoonekana. Dawa ya mwisho huyeyusha chumvi iliyobaki ili picha idumu. Kwa hiyo dawa ya kwanza haioshi picha bali huijenga. Ukubwa wa chembe, ukali wa kingo na tofauti baina ya weupe na weusi, yote haya hutegemea mjenzi uliyemchagua.

Wajenzi hao ni wengi, lakini kwa mwanafunzi watatu wanatosha kujadiliwa.

Wa kwanza ni D-76 ya Kodak, dawa ya tangu miaka ya 1920, ambayo pacha wake ni ID-11 ya Ilford. Mapishi yake si siri: katika lita moja mna gramu 2 za metoli, gramu 100 za salfaiti ya sodiamu, gramu 5 za haidrokwinoni na gramu 2 za boraksi. Wingi huo wa salfaiti hulainisha chembe za picha. Dawa hii huja ikiwa unga, nao unga wa pakiti sharti uchanganywe wote kwa mara moja, kwani viungo vyake havikai sawasawa ndani ya pakiti. Anayepima nusu huenda akapata boraksi tele na metoli haba. Ikishachanganywa, hudumu miezi sita katika chupa iliyojaa hadi shingoni. Katika chupa nusu, miezi miwili tu. Hewa ndiyo adui yake.

Wa pili ni Rodinal, iliyosajiliwa Ujerumani mwaka 1891 na ambayo mapishi yake yangali yanauzwa kwa majina mengine. Hii ni dawa ya majimaji mazito. Ukichukua mililita 6 na kuzitia katika mililita 300 za maji, umepata tangi moja la kusafishia filamu moja ya milimita 35. Unayatumia, unayamwaga. Chupa yenye dawa nzito hukaa miaka mingi bila kufa, hata ikiwa imegeuka rangi ya chai ya rangi. Kasoro yake ni kwamba haifichi chembe. Filamu ya kasi ya 400 itaonekana na mchanga usoni. Wako wanaoupenda mchanga huo, na wako wanaouchukia.

Wa tatu ni XTOL ya Kodak, iliyotoka mwaka 1996, inayotumia ndugu wa vitamini C badala ya haidrokwinoni. Picha zake ni laini na zenye maelezo mengi vivulini, na sumu yake ni ndogo kuliko ya nyingine. Lakini pakiti yake hutengeneza lita 5, nayo huweza kufa bila kubadili rangi. Anayesafisha filamu tano kwa wiki ataifaidi. Mimi niliyekuwa nikisafisha moja kwa mwezi iliniadhibu.

Kuna suala la joto, ambalo vijikaratasi vya viwandani hulipitia kwa haraka. Majedwali mengi yameandikwa kwa nyuzijoto 20. Maji ya bomba ya Pwani aghalabu hupita nyuzi 25. Kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda kwa takriban sehemu moja ya kumi. Chukua mfano wa filamu ya HP5 Plus katika ID-11 isiyozimuliwa: kwa nyuzi 20 huhitaji dakika 7 na nusu, kwa nyuzi 24 muda huo hukaribia dakika 5. Chini ya dakika 5, dawa huwahi sehemu moja ya filamu na kuchelewa kwingine, na anga la picha hutoka na mabaka. Ukiizimua dawa hiyo hiyo kwa kiasi sawa cha maji, muda wa nyuzi 20 huwa dakika 13, na wa nyuzi 24 huwa kama dakika 9. Hapo una nafasi ya kupumua. Kwa hiyo katika nchi zetu kuzimua dawa si ubahili, ni busara. Anayeishi Mombasa au Lamu na aiweke chupa yake ndani ya beseni la maji yenye barafu kwanza, kisha ahakikishe kwamba maji yote atakayotumia, hadi ya kusuuzia, yana joto linalokaribiana.

Najua yupo atakayeuliza: kwa nini tusitumie vya kwetu? Mwaka 1995, Scott Williams na wanafunzi wake katika Taasisi ya Teknolojia ya Rochester, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ikichanganywa na magadi ya kufulia husafisha filamu. Baadaye wapenzi wa njia hiyo waliongeza vitamini C. Pishi moja linalojulikana hutumia gramu 54 za magadi makavu ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya unga wa kuyeyuka katika lita moja, kwa dakika 15. Kahawa tunayo, na ziwa Magadi tunalo. Hoja hii inavutia, nami nimeijaribu kwa furaha. Lakini magadi ya jikoni hayawi safi: ndani yake mna baikabonati ambayo hudhoofisha dawa, na kahawa za makopo hazilingani nguvu. Jaribu njia hii kwa picha za paka na miembe. Usiijaribu kwa picha ya nyanya yako.

Wengine watasema kwamba mjadala mzima umepitwa na wakati maadamu kila mtu ana simu yenye kamera. Sibishani nao. Simu inatosha kwa kazi nyingi, na mtafiti mwenye hekima atapiga kwa vyote viwili. Ninachokataa ni ule mtindo wa kuikumbatia filamu kwa fahari, kisha kuiponza kwa uzembe. Ukichagua kazi ya mikono, ichague pamoja na nidhamu yake.

Basi msimamo wangu ni huu. Anayesafisha filamu moja au mbili kwa mwezi atumie dawa ya jamii ya D-76, aichanganye lita nzima, kisha papo hapo aigawe katika chupa sita za glasi za mililita 150, zijae hadi shingoni. Kila chupa izimuliwe kwa mililita 150 za maji, isafishe filamu moja, imwagwe. Kila chupa iandikwe tarehe na neno SUMU, ikae mbali na watoto na vyombo vya chakula. Metoli huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo glavu zivaliwe. Anayesafisha filamu tatu au nne kwa mwaka aridhike na Rodinal na mchanga wake. Na yeyote yule, kabla ya kuitia filamu tangini, akichovye kipande cha filamu chakavu ndani ya dawa mwangani: kisipogeuka cheusi katika dakika chache, dawa imekufa. Jaribio hilo halizidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Lingeniokolea picha 36.

Mwisho, nakipendekezea chama chetu jambo dogo. Tuandae jedwali la nyakati na joto kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mmoja tu, la kubandikwa penye kila kabati tunalolifanya chumba cha giza. Lugha inayoweza kueleza vina na mizani haiwezi kushindwa kueleza dakika na nyuzi. Nami nitakuwa wa kwanza kulibandika, pembeni mwa ile filamu tupu ambayo hadi leo sijaitupa.