Daftari la Wiki: Mkono wa Mtu

Jumatatu. Masika yameshika. Milima ya Uluguru haionekani tangu alfajiri, na sokoni akina mama walioshuka kutoka Mgeta wamefunika kabichi zao kwa nailoni. Aprili ikifika hivi, Morogoro huirudia ile stori yake.

Jumanne. Stori yenyewe nimeikuta kwenye daladala ya Msamvu.

“Msafara wa waziri mkuu, gari geni linaingiaje?” aliuliza mzee mmoja.

Konda, aliyezaliwa miaka mingi baada ya tukio lenyewe, akajibu bila kugeuka, “Mzee, pale kuna mkono wa mtu.” Akaendelea kudai nauli.

Maelezo ya serikali ni mafupi. Alhamisi, 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka bungeni Dodoma. Pale Dakawa gari lake likagongana na jingine, lililoendeshwa na kijana mkimbizi wa ANC kutoka Afrika Kusini. Ajali. Sokoine alikuwa na miaka 45.

Tatizo ni kwamba mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amewavalia njuga wahujumu uchumi, wenye maduka wakahaha usiku kuficha sabuni na sukari. Mtu mwenye maadui wengi kiasi hicho hafi kwa bahati mbaya, ndivyo tunavyohesabu. Msibani hata huku milimani, aliyekufa kwa homa bado anaulizwa nani kamtumia hiyo homa.

Alhamisi. Rafiki kanikumbusha Robert Ouko, waziri wa Kenya aliyekufa mwaka 1990. Wakubwa walianza kwa kudokeza kwamba waziri alijiua. Wananchi wakakataa katakata, na mpelelezi kutoka Scotland Yard akasema aliuawa. Sawa. Kwa Ouko mtaa ulikuwa sahihi. Kwa Dakawa sijaona ushahidi wa njama, nimeona sababu za kuidhania tu, na hivyo ni vitu viwili. Nilimwambia hivyo yule mzee wa daladala. Akanitazama kana kwamba nimelipwa.

Ijumaa. Nimepita Mazimbu. Wakimbizi wa ANC walijenga hapa shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, na waliofia ugenini wamezikwa hapa hapa. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mvua ilikuwa haijakatika. Wanafunzi walikuwa wakikimbilia darasani, madaftari kichwani.