Anwani Imehama, Mashine Ipo Palepale

Hadi mwaka 2016, mtu wa Iyula akiandika barua aliweka "Mkoa wa Mbeya" chini ya jina la Wilaya yake ya Mbozi. Mwaka huo Mkoa wa Songwe ulizaliwa, naye akaanza kuandika "Songwe", ilhali nyumba yake haikusogea hata hatua moja.

Nililikumbuka jambo hilo Jumamosi moja ya msimu wa kahawa, nilipokuwa Iyula kwa dada yangu. Mpwa wangu, karani katika ofisi inayonunua kahawa ya wakulima, alirudi usiku na hakugusa chakula.

"Shikamoo, mjomba. Seva imetukataa sote."

Seva, ndugu msomaji, ni ile kompyuta inayohudumia nyingine. Ndani yake mlikuwa na uzito wa kila gunia lililopokewa, na Jumatatu wakulima wangefika kuchukua fedha zao. Nakala ya akiba ilikuwa ya majuma mawili nyuma. Kijana alikuwa amekwisha kata shauri: aifute mashine yote, aanze upya. Nilimwambia ale kwanza.

Alfajiri tulifungua ofisi. Kisa chenyewe kilianza Ijumaa, ilipofungwa ruta mpya, kile kifaa kinachogawa anwani na kupitisha mawasiliano. Ruta ya zamani iligawa namba zinazoanza na 192.168.1, na seva ilikuwa na namba yake ya kudumu, 192.168.1.10. Ruta mpya ikagawa 192.168.8. Mezani kote kompyuta zikahamia kijiji kipya, seva ikabaki kijiji cha zamani, wala hapakuwa na njia kati yao. (Namba hizi za 192.168 zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Zaweza kuwamo katika ofisi ya Iyula na duka la Kariakoo wakati mmoja, zisigombane. Na ni lazima iwe hivyo, maana anwani zote za aina hii ya namba nne ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima.)

Mpwa wangu alilifahamu hilo. Aliipa seva anwani 192.168.8.10, akaibadilisha pia katika kila kompyuta. Kazi safi. Walakini kila aliyejaribu kuingia aliambiwa hana ruhusa. Hapo ndipo alipopotea: akadhani neno la siri limeharibika, akalibadilisha mara tatu, hata hakuna tena aliyekuwa na hakika lipi lilikuwa la mwisho.

Mimi si fundi mkubwa, lakini nimekosea vya kutosha. Tuliketi mbele ya seva yenyewe, kwa kibodi na skrini yake, maana mlango huo hauhitaji mtandao. Kabla ya kugusa lolote tulinakili takwimu zote kwenye diski ya nje. Kisha tukafungua daftari la matukio, ambamo seva huandika nani amebisha hodi na kwa nini amekataliwa. Maombi yalikuwa yakifika vizuri! Yalikataliwa kwa sababu ya mahali yalikotoka. Fundi wa kwanza, kwa usalama, alikuwa ameandika katika hifadhidata kwamba watumiaji wapokewe tu wakitoka 192.168.1. Neno la siri halikuwa na kosa lolote. Mlinzi wa mlangoni alikuwa bado na orodha ya wakazi wa kijiji cha zamani.

Tulirekebisha mstari mmoja, tukaiamsha huduma upya, tukaweka neno jipya la siri mara moja tu. Kompyuta ya kwanza ikaingia, kisha ya pili.

Nilimkaripia kidogo njiani. Angeweza kuiongezea seva anwani mpya huku ya zamani ikibaki, ajaribu ya pili, ndipo aiondoe ya kwanza. Vilevile seva ingepewa jina, na kompyuta za mezani ziifuate kwa jina hilo. Siku namba ikibadilika, hurekebishwa mahali pamoja. Na anayefanya kazi hii kutoka mbali asifunge kikao alichoingilia mpaka kikao kingine kimekubali kufunguka.

"Sasa mjomba, haya yote nitayakumbuka?"

Tulirudi ndani, akayaandika kwenye karatasi: anwani ya zamani, mpya, tarehe, na mahali palipo na orodha ya ruhusa. Alipokuwa akiibandika ubavuni mwa seva, printa ilikuwa imeanza kutoa orodha ya Jumatatu, na dada yangu amemtuma mtoto kuuliza kama chai iletwe huko huko.