“Mfumo Ulikuwa Unapatikana Muda Wote”

Wiki tatu zilizopita aliingia ofisini kwangu binti niliyemfundisha hadi alipohitimu shahada yake ya kwanza. Mkononi alikuwa na barua ya aya mbili kutoka taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Barua hiyo ilikuwa inajibu malalamiko yake kwamba alishindwa kuwasilisha maombi ya ufadhili wa masomo ya uzamili, kwa kuwa kitufe cha “Endelea” katika ukurasa wa nne wa fomu ya mtandaoni hakikufanya kazi kwa siku mbili za mwisho za dirisha la maombi. Aya ya kwanza ilimshukuru kwa kuandika. Aya ya pili ilisema kwamba kumbukumbu za taasisi zinaonesha kuwa mfumo ulikuwa unapatikana muda wote.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kinachonikera ni kwamba si ya uongo.

Mambo yalikwenda hivi. Ijumaa jioni, dirisha likiwa limebakiza siku mbili kufungwa, tovuti ya taasisi hiyo ilisasishwa. Tangazo liliwekwa juu ya ukurasa, kwa maneno tuliyoyazoea: mfumo umesasishwa ili kuboresha huduma. Jumamosi asubuhi binti yule, akiwa kijijini kwao, alibonyeza “Endelea” kwenye simu yake na hakuna kilichotokea. Alibonyeza tena na tena mpaka bando likakata. Akapanda bodaboda hadi mjini, akaingia steshenari, akalipia kompyuta, akajaza upya. Ukurasa wa nne ukamgomea kama mwanzo. Akapiga namba ya huduma kwa wateja, akaambiwa afute kashe. Alifuta. Jumapili saa sita usiku dirisha lilifungwa.

Kabla hajatokea wa kusema kwamba vijana wetu wana tabia ya kungoja dakika za mwisho, niseme wazi: alianza kujaza fomu ile siku kumi kabla. Kilichomkwamisha hadi Ijumaa ni barua ya mdhamini wa kitaaluma, na mdhamini huyo, kwa aibu yangu, ni mimi. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilijua dirisha linafungwa Jumapili, nikaona Ijumaa mchana panatosha. Katika nchi ambayo ofisi iko wazi mpaka saa iliyotangazwa, pangetosha.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nafundisha nadharia za dola. Nilimpeleka binti yule kwa mwenzangu wa idara ya sayansi ya kompyuta, akaingia katika akaunti yake, ambamo rasimu ya maombi ilikuwa bado imehifadhiwa. Kitufe kilikuwa bado kimekufa. Naomba hili lisipite haraka: barua ya kusema mfumo ulipatikana muda wote ilisainiwa, ikapigwa muhuri na kutumwa wakati kitufe kilicholalamikiwa kingali hakifanyi kazi. Hakuna aliyejisumbua kukibonyeza.

Mwenzangu alibonyeza F12, ukafunguka upande wa kivinjari ambao sisi wengine hatuuangalii, na pale palikuwa na mstari mmoja mwekundu uliotaja faili lenye kosa na namba ya mstari wenyewe. Haikuchukua dakika mbili. Ukurasa wa tovuti, alinieleza, una matabaka matatu. Lipo la maandishi, viungo na fomu, linaloandikwa kwa HTML. Lipo la rangi na mpangilio. Na lipo la maagizo, la JavaScript, ambalo huupa ukurasa mwendo. Kitufe halisi cha fomu hufanya kazi kwa tabaka la kwanza peke yake. Lakini waliotengeneza fomu hii waliweka mchoro tu wa kitufe, usiojua lolote mpaka tabaka la tatu liuambie. Ijumaa ile maktaba ya maagizo ilibadilishwa kwa toleo jipya, na toleo jipya halikuwa tena na amri moja ambayo fomu iliitegemea. Kivinjari kilipoitafuta amri hiyo na kuikosa, kiliachana na maagizo yote yaliyofuata katika faili lile. Kitufe kikabaki na rangi yake ya kijani, kinang’aa, ila maiti.

Maradhi haya hayakuanzia kwetu. Agosti 2020, WordPress, programu iliyokuwa tayari inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, ilitoa toleo la 5.5. Kwa miaka saba programu hiyo ilikuwa imebeba daraja la muda linaloitwa jQuery Migrate. Daraja hilo lilitengenezwa mwaka 2013, wakati maktaba maarufu ya jQuery ilipoziondoa amri zake kadhaa za zamani, ili tovuti zilizoandikwa kizamani ziendelee kuvuka huku wenye tovuti wakizirekebisha. Toleo la 5.5 liliacha kulipakia daraja, na katika tovuti nyingi ambazo hazikuwa zimerekebishwa, menyu zikakataa kufunguka na vitufe vikanyamaza. Tiba ya dharura ilipatikana mara moja, programu-jalizi ndogo ya kulirudisha daraja mahali pake kwa muda. Watu waliilaumu WordPress, na mimi sioni kama ilistahili. Miaka saba ni onyo refu kuliko muhula wa rais.

Na kwa ucheleweshaji wa kiserikali sijui mfano ulio bora kuliko wa jirani zetu wa kusini. Adobe ilitangaza Julai 2017 kwamba programu yake ya Flash ingekoma mwisho wa mwaka 2020. Siku ilipofika, baadhi ya fomu za mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini zilikuwa bado zinategemea Flash, na Januari 2021 mamlaka hiyo ikatoa kivinjari chake yenyewe ili walipakodi waweze kuzifungua. Fomu zimekosa kuhamishwa kwa miaka mitatu na nusu, basi mwananchi ndiye ahamishwe kivinjari! Wengi waliwacheka. Mimi nawapa angalau heshima moja: walikiri kwamba mlango haufunguki.

Kwetu jibu ni “futa kashe”. Nimejifunza kutoka kwa mwenzangu kwamba ushauri huu una chembe ya ukweli, na ndiyo maana unadumu. Simu huhifadhi nakala za faili za tovuti ili isizipakue kila mara. Tovuti ikisasishwa, huenda simu ikachanganya ukurasa mpya na maagizo ya zamani, na vitufe vikavurugika. Lakini tiba ya hali hiyo iko upande wa mwenye tovuti: faili la maagizo likibadilishwa, libadilishwe pia jina au namba ya toleo katika anwani yake, na kila simu nchini italichukua jipya bila mwenye simu kujua lolote. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi mmoja. Tumeamua badala yake kuwagawia kazi hiyo maelfu ya wananchi, wengi wao wasiojua kashe ni nini, kisha wakishindwa tunawaambia hawana elimu ya TEHAMA.

Sasa niirudie ile sentensi. Taasisi zetu hupima kama seva imewaka. Seva ikijibu, ripoti ya mwezi inaandika kwamba huduma ilipatikana. Hakuna safu katika ripoti hiyo inayouliza kama binadamu mmoja, mwenye simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua, aliweza kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ofisi imewashwa taa, feni inazunguka, karani yupo kwenye kiti, na mlango umepigiliwa misumari kwa nje: kwa kipimo hicho ofisi hiyo ilikuwa wazi. Enzi za kaunta, karani akikataa kupokea fomu yako angalau alikuwa na sura, na ungeweza kumwita mkubwa wake. Kitufe hakina mkubwa.

Watumishi wa umma wanaosoma safu hii, na najua mpo, huniandikia kwamba nawaonea. Wanasema masasisho ni ya lazima kwa usalama. Nakubali kabisa, tovuti isiyosasishwa ni nyumba isiyo na komeo, na sitetei hata kidogo wanaoogopa kusasisha. Wanasema pia kwamba mkataba wa mzabuni aliyetengeneza fomu uliisha, kwamba bajeti ilikuwa ya kujenga mfumo na haikuwa ya kuutunza, kwamba kitengo kizima cha TEHAMA ni watu wawili na mmoja yuko masomoni. Haya nayo nayakubali, na hapa ndipo ninapoona penye kiini cha jambo. Mfumo ukizinduliwa, kuna mgeni rasmi, utepe, fulana na kofia. Sijawahi kualikwa kwenye hafla ya kurekebisha kitufe. Tunalipia vinavyozinduliwa na kuviacha vinavyotunzwa, tukiita hayo uwekezaji, kisha tunashangaa jengo la miaka mitatu linapovuja.

Lakini uhaba wa fedha hauelezi kila kitu. Kujaribu sasisho kwenye nakala ya tovuti kabla ya kuligusa lenyewe hakuhitaji zabuni mpya, na kuweka akiba ya toleo la zamani ili ukivunja urudi nyuma ndani ya saa moja hakuhitaji mshauri mwelekezi. Kutosasisha Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, kunahitaji kalenda. Uingereza, kitengo cha huduma za kidijitali cha serikali kilipima mwaka 2013 na kugundua kwamba asilimia 1.1 ya waliotembelea tovuti ya serikali hawakufikiwa na maagizo ya JavaScript, na kwamba ni asilimia 0.2 tu waliokuwa wameyazima au wana vivinjari visivyoyaweza. Waliobaki yaliwapotea kwa sababu nyingine. Utamaduni wa kazi waliojijengea ni kwamba huduma ianze kwa HTML iliyo tupu, ifanye kazi hivyo, ndipo mapambo yaongezwe. Fomu iliyojengwa hivyo, maagizo yakifa, hupoteza urembo na kuendelea kupokea maombi.

Ninalodai mimi, basi, ni la kisiasa kuliko la kifundi. Tanzania tunayo Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Kenya, ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa na utawala kwa haraka, kwa ufanisi na kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi haki yake inapoathiriwa. Nataka kanuni iliyo nyepesi mbele ya hayo yote: mtandao ukishafanywa kuwa mlango pekee wa huduma, siku ambazo mlango haukufunguka zisihesabiwe katika muda wa mwisho. Zirudishwe kwa mwombaji bila yeye kuomba, na mzigo wa kuthibitisha kwamba mlango ulifunguka uwe juu ya mwenye mlango. Binti yule alikuwa na picha za skrini kumi na nne zenye tarehe na saa. Aliambiwa hazitoshi, ilhali taasisi haikuonesha hata moja.

Na wanafunzi wangu, hasa mnaosoma kompyuta na kudhani siasa ni ya watu wa idara yangu: mnapoandika kitufe mnaandika sheria. Mtu ambaye hamtamwona kamwe atazuiwa au ataruhusiwa kupita kwa mistari mliyoiandika mkiwa na usingizi.

Tulimsaidia kuandika barua ya pili, safari hii tukiambatisha ule mstari mwekundu na maelezo ya mwenzangu kuhusu namna ya kuurekebisha. Haijajibiwa. Alhamisi iliyopita, hata hivyo, binti alinipigia simu saa tatu usiku, sauti imempanda, akasema mwalimu, kitufe kimefufuka. Hapakuwa na tangazo wala maelezo; mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amerekebisha. Nikamwambia akibonyeze. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akanisomea kilichoandikwa katika ukurasa wa tano, ambao alikuwa anauona kwa mara ya kwanza: “Dirisha la maombi limefungwa. Asante kwa kutumia mfumo wetu.”