Nauli ya Hija Isitoke Mfuko Mmoja

Katika nchi yetu kuna njia mbili za kuchanga fedha. Njia ya kwanza ni ya watu wengi kutoa kidogo kidogo bila makelele. Njia ya pili ni ya mtu mmoja kutoa kingi mbele ya kipaza sauti. Zote mbili huitwa harambee, lakini hazina undugu isipokuwa wa jina. Mimi nashikilia kwamba parokia inayotaka kuwapeleka vijana wake katika kongamano kubwa la dunia haina budi kuishika njia ya kwanza na kuikataa ya pili, hata kama ya pili ina mwendo wa kasi zaidi.

Kongamano ninalolisema ni Siku ya Vijana Duniani, iliyoanzishwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1985. Tangu wakati huo vijana Wakatoliki wamekusanyika Manila mwaka 1995, Roma mwaka 2000, Kraków mwaka 2016, Panama mwaka 2019 na Lisbon mwaka 2023, ambako misa ya kufunga ilihudhuriwa na watu wapatao milioni moja na nusu. Kongamano linalofuata limepangwa kufanyika Seoul, Korea ya Kusini, mwezi wa Agosti 2027. Katika orodha hiyo yote halimo hata jiji moja la Afrika. Kwa hiyo kijana wa Kenya hawezi kwenda huko kwa basi wala kwa miguu. Sharti apande ndege, apate pasi na viza, na alipiwe malazi na chakula. Mtoto wa tajiri hulipiwa na baba yake. Mtoto wa mkulima wa Bungoma au wa mchuuzi wa Kibera mlango umemfunga, ila parokia ikimfungulia.

Wako wanaosema kwamba mlango huo heri ubaki umefungwa. Husema: paa la kanisa linavuja, wajane hawana chakula, karo za shule hazijalipwa, fedha za ndege ni za nini? Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa maana wanaoitoa aghalabu ni watu wenye huruma. Walakini ni hoja ambayo ikifuatwa mpaka mwisho haitabakiza kitu. Hakuna fedha duniani isiyokuwa na matumizi mengine. Katika Injili twasoma habari za mwanamke aliyempaka Bwana marhamu ya thamani, na mtu mmoja akauliza kwa nini yasiuzwe kwa dinari 300 wapewe maskini. Bwana hakuwasahau maskini. Lakini pia hakumkemea yule mwanamke. Basi tuseme hivi: fungu la maskini lisiguswe hata senti moja, na mfuko wa safari uwe mbali, wa hiari, wenye daftari lake. Hapo mjane hatanyang'anywa chakula ili kijana apate nauli.

Wako na wengine, na hao ndio ninaowapinga kwa nguvu zaidi. Hawa hawasemi safari ni upotevu. Husema: ya nini kujisumbua? Mwiteni mheshimiwa fulani Jumapili, mpeni kiti cha mbele, na kabla ya saa sita fedha zote zitakuwa mezani. Ni kweli, zitakuwa mezani. Lakini tuulize zimekuja na nini. Zimekuja na hotuba, na hotuba hiyo itasemwa palipotoka kusomwa Injili. Zimekuja na deni lisiloandikwa popote, ambalo litadaiwa siku ya uchaguzi. Tena zimekuja na majina. Mwenye kutoa nauli za watu kumi hakosi mpwa wake, au mtoto wa rafiki yake, wa kumtia katika hao kumi, na ni nani katika halmashauri ya parokia atakayethubutu kumkatalia? Hivyo orodha ya mahujaji hugeuka kuwa orodha ya marafiki, na yule mtoto wa mchuuzi, ambaye ndiye aliyetajwa wakati wa kuomba, hubaki nyumbani.

Msomaji asidhani kwamba naogopa kivuli. Mwezi wa Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango uliotolewa na Rais wa nchi katika kanisa la Soweto jijini Nairobi, akaagiza fedha zirudishwe. Katika fedha hizo, shilingi milioni 2 zilikuwa za nyumba ya padre, na shilingi 600,000 zilikuwa za kwaya na kundi la watoto. Watu wengi walishangaa, maana fedha za kwaya na watoto zina ubaya gani? Ubaya haukuwa katika shilingi. Ulikuwa katika hatari ya kanisa kugeuzwa jukwaa la siasa, na watoto kuwa kisingizio cha jukwaa hilo. Kurudisha mamilioni ya fedha ni jambo gumu kwa kanisa lenye mahitaji, lakini parokia yenye uhuru wa kukataa ndiyo yenye uhuru wa kusema kweli.

Tukumbuke pia tarehe 27 Novemba 2015, Papa Francis alipokutana na vijana katika uwanja wa Kasarani. Aliwaambia kwamba ufisadi ni kama sukari: ni mtamu, watu huupenda, na mwisho wake ni ugonjwa. Je, itafaa kumpeleka kijana ng'ambo akajifunze maneno kama hayo, kwa nauli iliyokolezwa sukari ile ile?

Neno harambee lenyewe latushuhudia. Lilikuwa mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito pamoja. Mzee Jomo Kenyatta alipoufanya mwito wa taifa mwaka 1963, wananchi waliitikia kwa kujenga shule nyingi kwa mikono yao: huyu ameleta mawe, huyu mbao, huyu siku zake mbili za kazi. Kamba ilivutwa na wote. Siku hizi twaona mmoja anavuta, wengine wanapiga makofi. Huko si kuvuta kamba, ni kutazama.

Mkristo naye anao mfano wa kale zaidi. Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorintho kila mtu atenge kitu siku ya kwanza ya juma, kadiri ya alivyofanikiwa, ili asifike na kukuta ndipo mchango unaanza. Tena alitaka fedha zichukuliwe na watu walioteuliwa na makanisa, pasiwe na nafasi ya lawama. Mambo matatu yamo humo: kidogo kila juma, kila mtu kwa uwezo wake, na hesabu iliyo wazi.

Na tufanye hesabu. Tuseme parokia ina jumuiya ndogo ndogo 20, na kila jumuiya ina nyumba 15. Jumla ni nyumba 300. Kila nyumba ikitoa shilingi 20 kwa juma, fedha zisizofika bei ya mkate, juma moja litaleta shilingi 6,000, na majuma 52 yataleta shilingi 312,000. Haba na haba hujaza kibaba. Fedha hizo hazitapeleka kundi zima Seoul, nakiri. Lakini ni fedha za watu 300, na hakuna hata mmoja wao awezaye kudai kwamba kijana aliyekwenda ni wake peke yake.

Vijana nao wasikae wakisubiri kama vifaranga kinywa wazi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wapande sukuma wiki katika shamba la parokia, waoteshe miche ya kuuza, waoshe magari baada ya misa, wachome mahindi siku ya mnada wa mavuno. Kila kilichopatikana kiandikwe na kubandikwa mlangoni pa kanisa kila mwezi, mpaka bibi kizee asiyejua kusoma aweze kusomewa na mjukuu wake. Wasafiri wachaguliwe na vijana wenzao pamoja na viongozi wa jumuiya, kwa utumishi wao, si kwa majina ya baba zao. Na arudipo, kila mmoja azunguke vigango vyote kueleza aliyoyaona, kwa kuwa alikwenda kwa macho ya wengi.

Kama zitatosha nauli za wawili tu, waende wawili. Waliobaki hawakunyimwa hija. Kila mwaka mahujaji wa Kenya huenda kwa miguu mpaka Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Na hapa nchini pana Subukia, penye kituo cha taifa cha hija ya Bikira Maria. Wawili waliotumwa na parokia nzima ni bora kuliko ishirini waliotumwa na mtu mmoja.

Nanyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, siku si nyingi mtaketi katika halmashauri hizo. Atakapoinuka mtu kusema, "Mwiteni mheshimiwa," ulizeni kwanza daftari la jumuiya liko wapi na lina shilingi ngapi. Likiwa tupu, lianzeni Jumapili hiyo hiyo.