Rimu za Watu wa Nje

Nianze na kosa langu, ndiyo tusikizane. Kwa miezi saba niliandika kepsheni za duka moja la rimu hapa Nairobi. Shilingi 300 kwa kila moja, malipo Ijumaa kama mwenye duka ameamka vizuri. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, mali yangu yote ni laptop na chaja yake, kwa hivyo kazi ikija huulizi maswali. Neno nililolitumia kuliko yote lilikuwa "starehe". Starehe ya inchi 17. Starehe ya inchi 18. Juu yake picha ya Premio ya baba wa watoto watatu, rimu nyeusi zinang'aa, na wasee wakimwaga emoji za moto.

Sikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha hata gari moja kati ya hayo.

Kakangu aliona mojawapo ya hizo kepsheni. Hakujua ni mimi niliandika, na sikumwambia. Wikendi iliyofuata alichukua Premio ya mathe, ile aliyoinunua kwa mkopo wa Sacco akikaribia kustaafu ualimu, akaipeleka mjini. Ilirudi na inchi 18. Zile rimu zake za zamani, na matairi ambayo yalikuwa bado mazuri, duka lilizichukua kama sehemu ya malipo. Majirani walitoka nje. Mtoto wa gorofa ya pili alipiga picha. Hata mathe alicheka akasema gari imependeza, na kweli ilikuwa imependeza, sitadanganya.

Jumanne tukampeleka kliniki ya mgongo.

Mathe ana diski iliyotoka, mgongo wa chini. Hukaa nyuma kwa sababu huko anaweza kuegemea mto na kunyoosha mguu. Kutoka kwetu Kahawa West hadi ufike Thika Road kuna matuta ambayo hayajapakwa rangi, na katikati ya matuta kuna mashimo. Njia hiyo nimeipita maisha yangu yote. Siku hiyo nilimsikia akivuta pumzi kwa meno kila tulipogonga kitu. Mwishowe akaniambia, polepole ili bro asisikie, "Baba, siku hizi hii gari inanipea habari ya kila kokoto."

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hakuna mtu dukani atakufanyia. Tairi la kwanza la hiyo Premio liliandikwa 195/65R15. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia ya huo upana, na ndiyo urefu wa ubavu, ile sehemu ya mpira kati ya rimu na barabara. 15 ni inchi za rimu. Piga: ubavu ni karibu milimita 127. Tairi jipya limeandikwa 215/40R18. Piga tena: milimita 86. Yaani milimita 41 za mpira na hewa zimeondolewa chini ya mgongo wa mama yangu, na mahali pake pakawekwa chuma kinachong'aa.

Ule ubavu haukuwa pambo. Ndio mto wa kwanza wa gari. Shimo likija, tairi linabonyea kwanza, halafu springi na shoki zinamalizia kazi. Ukipunguza ubavu, pigo linafika kwa shoki likiwa zima, linaenda kwa bushi, linaenda kwa kiti. Na rimu kubwa mara nyingi ni nzito kuliko ile iliyotoka, uzito wenyewe uko chini ya springi, mahali pabaya kabisa pa kuongeza kilo. Injini ya lita 1.5 iliyokuwa ikijiendea sasa inasukuma mzigo ambao haukuwepo. Bro analalamika mafuta yanaisha haraka, na analaumu petroli.

Kuna wanaosema, "Lakini gari imeinuka, haigongi chini tena." Haijainuka. Rudi kwa hesabu: tairi la zamani lilikuwa na kimo cha milimita 634 na nusu, hili jipya ni 629. Fundi makini anapoongeza rimu anapunguza ubavu ili kimo kibaki karibu palepale, la sivyo mita ya spidi inadanganya na tairi linakula fenda. Premio yetu imeshuka karibu milimita 3. Macho yanaona chuma kingi yanadhani ni urefu.

Wataniambia pia inashika kona. Hiyo ni kweli, nakubali bila kinyongo. Ubavu mfupi haulegei, usukani unajibu haraka. Ndiyo maana magari ya mbio za lami yanazitaka, na rimu kubwa inaacha nafasi ya breki kubwa ndani. Swali langu ni kona gani? Ile ya kibanda cha mboga? Na breki zetu ni zilezile zilizotoka Japani, sasa zinaonekana kama sahani ndogo ndani ya sufuria.

Kama hamniamini mimi, muaminini Safari Rally. Tangu irudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, nusu ya wasee ninaowajua hushuka Naivasha kila mwaka na magari yao ya chini, rimu 18, wengine 19. Wanafika huko, wanasimama kwenye vumbi, wanashangilia magari ya Toyota na Hyundai yenye bei ambayo hata hatuwezi kuitamka. Hebu siku moja acha kupiga video, uangalie tairi. Kwenye mashindano ya vumbi na mawe yale magari huvaa rimu za inchi 15, na ubavu mnene. Inchi 18 wanaziweka wakienda kukimbia kwenye lami. Wahandisi ambao kazi yao yote ni kushinda wakiona barabara zetu wanachagua inchi 15, size ileile bro aliyoitupa kwa sababu eti ni ya teksi.

Najua mwingine ameshaanza kuandika kwamba nachukia urembo, kwamba maskini pia ana haki ya kitu kizuri. Sichukii. Nimepanda nganya za kila aina, na nikiona moja imechorwa vizuri, taa na muziki juu, nasimama kama mtoto. Lakini nganya inauza sura. Abiria anaacha matatu mbili zipite akingoja ile kali, kwa hivyo rangi na rimu zinarudisha pesa, kondakta anakula, dereva anakula. Sedani ya nyumbani inamuuzia nani? Aliye ndani haioni rimu. Haioni kabisa! Anayeiona ni mtu amesimama kando ya barabara, ambaye hatalipa bushi, hatalipa beringi, na hatakuwepo fundi akisema rimu imepasuka inabidi ichomelewe.

Imepasuka, ndiyo. Mwezi wa pili, shimo limejaa maji ya mvua, mathe yuko nyuma. Tairi lilikosa ubavu wa kutosha kubonyea, rimu ikagonga ukingo moja kwa moja. Tulisimama kando ya barabara karibu saa mbili, mathe amelala kiti cha nyuma magoti yakiwa juu, akituambia tusigombane. Bro alikuwa anatafuta kwa simu rimu moja ya kufanana na zile tatu. Hapo ndipo nilimwambia nani aliandika ile kepsheni. Hakusema kitu. Aliniangalia tu, halafu akarudi kwa simu.

Duka niliacha kuliandikia wiki hiyo. Mwenyewe alinitumia ujumbe, eti nikirudi atanipa 400.

Kwa hivyo wewe unayeweka akiba ya rimu za gari la wazazi wako, mimi nina ombi dogo tu. Kabla hujalipa, mpe mtu mwingine usukani, halafu ukae nyuma, katikati, uende na urudi kwa njia anayopita mama yako. Bila earphones.

Mathe sasa huenda kliniki kwa teksi, Axio ya jirani, inchi 15 za chuma na vifuniko vya plastiki, kimoja kimeshikwa na waya. Anasema ni gari nzuri sana. Premio imeegeshwa nje, inapigwa picha bado. Nimepata rimu nne za mtumba Kirinyaga Road, na malipo ya makala hii yakiingia yatanunua matairi mawili ya 195/65R15. Mawili mengine nimemwachia bro. Bado hajajibu.