Nani kafa Kilwa?

Nilikuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa barabarani, na nimerudi na hasira zangu.

Kisa kilianza ofisini. Niliomba ruhusa ya Ijumaa moja, nikasema nakwenda Kilwa. Mwenzangu wa meza ya habari akaacha kuchapa, akaniangalia kwa uso wa huruma, akasema: "Pole sana ndugu yangu. Nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nakwenda kutembea tu. Akauliza, sasa kwa mashaka, kama nina ndugu kule. Sina. Basi umetumwa na mhariri? Sijatumwa. Unakwenda na gari ya nani? Nikasema na basi. Hapo akacheka mpaka akawaita na wengine waje wamwone mtu anayepanda basi kwenda Kusini kwa hiari yake.

Siku ile na mimi nilicheka. Hasira zimekuja baadaye, nilipokaa nikafikiri kwamba yule jamaa hakukosea. Amesema kile ambacho nchi nzima inakiamini. Kwetu sisi basi la mkoani ni la msiba, la harusi, la uhamisho wa kazi na la kwenda kula Krismasi nyumbani. Utalii ni kitu kingine kabisa. Utalii una Land Cruiser yenye paa linalofunguka, una kofia pana na chupa ya maji ya baridi, na ndani yake amekaa mtu aliyetoka mbali. Mtanzania mwenye kibegi chake mgongoni, tiketi mkononi, amebanwa kati ya dirisha na mama mwenye ndoo ya dagaa, huyo hayumo kwenye picha. Akionekana anapewa pole.

Sasa nawauliza, jamani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka huo huo, 1981, ndipo iliingizwa na Serengeti. Mwaka mmoja, orodha moja! Leo muulize mtoto wa darasa la tano Serengeti ni nini, atakujibu mpaka rangi ya pundamilia. Muulize Husuni Kubwa ni nini, atakutolea macho. Na ukimuuliza mwalimu wake, namwonea huruma mwalimu.

Husuni Kubwa ni jumba la sultani lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 juu ya jabali linalotazama bahari, lina bwawa la kuogea la pembe nane. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Na alifikaje? Alipanda chombo cha watu, pamoja na wafanyabiashara na mizigo yao, akasubiri upepo kama walivyosubiri wenzake. Msafiri anayesifiwa kuliko wote waliowahi kupita pwani hii alikuja kwa usafiri wa umma. Karibu miaka 700 baadaye mtu anaona aibu kupanda basi!

Kabla ya safari nilifanya kosa la kutafuta taarifa kwa njia inayostahili. Nilikwenda kwenye maonyesho fulani hapa mjini, kwenye banda moja lenye mabango makubwa ya kuhimiza utalii wa ndani. Nikamwamkia dada aliyekuwa pale, nikamwambia nataka kwenda Kilwa kwa basi, naomba anielekeze. Akapekua vipeperushi vyake, akanipa cha ndege ya kukodi na kingine cha gari na dereva. Nikamwambia, dada yangu, nimesema basi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hiyo ya basi hatuna, kaka. Labda uulize stendi."

Sikumlaumu yule dada, yeye ameajiriwa kugawa alichopewa. Lakini wale waliolipia mabango walikuwa wanamwambia nani atalii nchi yake? Wenye magari wako wachache na wengi wao njia wanaijua. Sisi wengine tunaambiwa "tembelea nchi yako" na mtu ambaye hajawahi kujiuliza tutafikaje.

Basi niliuliza stendi. Na hapa naandika kila nilichojua, kwa sababu chote nilikipata kwa mdomo: kwa makondakta, kwa muuza chai, kwa dereva wa bodaboda. Hakuna ofisi iliyonipa hata mstari mmoja.

Basi la kwenda Kilwa Masoko moja kwa moja likikosekana, usirudi nyumbani. Panda lolote la Lindi au Mtwara, mwambie kondakta akushushe Nangurukuru. Hiyo ni njia panda, kama kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na kuna gari ndogo na bodaboda za kukufikisha Masoko. Tiketi kata jana yake, dirishani kwa kampuni yenyewe, usikubali kushikwa mkono na mpiga debe anayekwambia gari linaondoka sasa hivi. Haliondoki. Nauli ya mabasi ya mikoani ina kikomo kilichopangwa na LATRA, kwa hiyo ukitajiwa bei inayoruka ruka una haki ya kuuliza. Panda gari la kwanza la alfajiri. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa kutembea usiku, lakini mimi nasema safari hii ifanye mchana, vinginevyo utapita juu ya Mto Rufiji umelala, na hiyo ni dhambi.

Na kaa upande wa kulia, upande wa dereva. Asubuhi unaelekea kusini, jua linapiga kushoto. Ukirudi mchana unaelekea kaskazini, jua limehamia magharibi, linapiga kushoto tena. Kitu kidogo hiki kingeandikwa kwenye kipeperushi kingeokoa vichwa vingi.

Wazee wanaoijua njia hii zamani wanaweza kukucheka ukilalamikia jua. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lilifika Rufiji likasubiri kivuko, na masika yakichachamaa safari ya Mtwara ilikuwa ya siku kadhaa, watu wanalala kwenye tope na kupika kando ya barabara. Hata daraja lilipokuwepo, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kiliendelea kuwatesa watu miaka mingi. Ndiyo maana nasema Kusini haikuwahi kujificha. Ilifichwa na barabara, na barabara ilipopatikana ikaendelea kufichwa na mazoea.

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja wa makamo anayerudi kwake. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, unakwenda wapi? Kilwa, mama. Kwa nani? Nakwenda kutembea tu. Kutembea kwa nani? Kwa lugha yetu kutembea ni kumtembelea mtu, kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki, na nilihangaika kulijibu kuanzia Mbagala mpaka karibu na Kibiti. Mwishowe nikasema nakwenda kuona magofu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mimi nimezaliwa Masoko, nayaona ng'ambo kila siku. Sijawahi kuvuka."

Maneno yale yameniuma kuliko kicheko cha ofisini. Mama yule hajavuka si kwa sababu ya umbali. Kutoka Masoko kisiwa unakiona kwa macho, mashua inavuka kwa muda mfupi. Hajavuka kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa pale ni pake. Kibali kinakatwa pale pale Masoko, na Mtanzania analipa kiingilio cha Kitanzania, pungufu sana ya anacholipa mgeni. Nani anajua hilo? Likitangazwa, linatangazwa kwa anayelipa kwa dola.

Msikiti Mkuu wenye makuba yake sitausimulia sana, nendeni wenyewe. Nitasema tu kwamba niliingia nikitegemea magofu, nikakuta kuna kijiji, watu wanaishi, watoto wanacheza, mbuzi wanapita karibu na ngome iliyoanzishwa na Wareno mwaka 1505. Orodha ya Urithi wa Dunia iliyaweka magofu haya kwenye kundi la yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyakarabati. Miaka kumi ya hatari, na sisi hatukuwa na habari.

Sasa hesabu. Kwa siku tatu hela yangu ilikwenda kwa kondakta, kwa bodaboda, kwa mwenye gesti, kwa mama ntilie aliyenipa wali na pweza wa nazi, kwa nahodha wa mashua, kwa kijana mwongozaji, na kwa watoto wanaouza korosho dirishani. Haikuwa nyingi, lakini hakuna hata senti iliyopitia kwa wakala wa mjini. Mtu akikodi ndege akalala hotelini chakula kikaja kwa jokofu kutoka Dar, aniambie Kilwa imebaki na nini zaidi ya picha. Simkatazi mwenye uwezo, apande ndege yake. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba huyo ndiye mtalii na mimi nimepotea njia.

Najua majibu yanayokuja. Kwanza, ajali. Nikisema mabasi yetu ni salama nitakuwa mwongo, nimekaa siti ya mbele nikaona dereva anavyopita lori kwenye kona. Magari ya mikoani yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, lakini kifaa hakimshiki mtu mguu. Abiria tupige kelele. Tunanyamaza mno, tunaogopa kuitwa waoga, halafu tunakuja kuzika.

Pili, usalama. Mwaka 2017 kulikuwa na mauaji ya kutisha Kibiti, Mkuranga na Rufiji, na watu wengi waliapa kutopita njia ile. Hofu ile ilikuwa ya haki wakati ule. Lakini mabasi yanapita kila siku, yamejaa, na wanaoniambia nisiende ni wale ambao hawajavuka Mbagala. Uliza wenyeji kabla hujafika, hasa ukitaka kushuka mpaka mpakani kwenye Mto Ruvuma.

La tatu ndilo zito, nalo ni mvua. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga na mikoa ya Kusini ikatengwa kwa siku kadhaa, magari yamepanga foleni huku na huku. Kwa hiyo masika usipange kurudi Jumapili jioni kwa ajili ya kazi ya Jumatatu asubuhi. Acha siku moja mkononi, na hela yake. Na hapa ndipo nawauliza wenye mamlaka ya barabara: njia hii ni moja tu. Mwenye ndege yake hakujua hata kama barabara imekatika, lakini mgonjwa wa Lindi aliyetakiwa Muhimbili alijua. Tukiwa wengi tunaopita njia ile, pamoja na sisi waandishi tunaopenda kuandikia semina za hotelini, ingeona haya kukatika kimya kimya.

Kuna na mzaha mmoja mbaya siwezi kuuacha. Mkoani Lindi kuna kilima cha Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa kati ya mwaka 1909 na 1913. Mmoja amesimamishwa jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ni kama mita 13. Mjerumani akitaka kumwona mjusi wetu anapanda treni ya mjini, anashuka, anatembea kidogo kwa miguu. Mimi nikitaka kuona shimo alimotoka, hakuna basi la kunifikisha. Kila mara linazuka suala la kurudishwa kwa mjusi bungeni na magazetini, sawa, arudishwe. Ila akirudi mtamweka wapi ambapo mwananchi atafika kwa nauli?

Sidai hoteli, wala sidai uwanja wa ndege. Nadai ubao. Ubao mmoja wa mbao pale Nangurukuru wenye saa za magari, nauli, kiingilio cha Mtanzania na bei ya mashua kwenda na kurudi. Mwingine stendi Dar. Fundi yeyote anautengeneza kwa siku moja. Bei ya mlo mmoja wa mchana kwenye kongamano la utalii inatosha na chenji inabaki.

Mwezi ujao nashuka mpaka Mikindani, pale Livingstone alipoteremkia mwaka 1866, kilomita kama kumi kabla ya kuingia Mtwara mjini. Nasikia kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895, na nataka kula ming'oko iliyochemshwa kwa wanaoichimba. Nalala Lindi njiani ili nisichoke. Siti ni ile ile, kulia. Ukinikuta stendi alfajiri, tafadhali, usinipe pole.