Jaribio Kwanza, Badiliko Baadaye

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo endeshi wa kompyuta uitwao Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku ile; bali tangu hapo, asiyejiandikisha kwa nyongeza ya muda hapati tena marekebisho ya kuziba mianya ipitiwayo na wezi wa taarifa. Kwa hiyo ofisi yo yote ya Mwanza, iwe ya kiwanda cha samaki, ya chama cha ushirika au ya shule, iliyobaki na mfumo huo haina budi kuhamia mpya. Hilo hatulipingi. Tunalopinga ni kuhama kwa pupa.

Ndugu wasomaji, mfumo endeshi ndio msingi ambao programu zote husimama juu yake. Msingi ukibadilishwa, programu ya mishahara yaweza kukataa kufunguka, na mashine ya kuchapa risiti yaweza kunyamaza. Tena Windows 11 hudai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kompyuta nyingi za zamani hazinacho. Mambo hayo yakigunduliwa Jumatatu asubuhi, foleni imekwisha kufika mlangoni, atukanwaye ni karani wa dirishani, wala si mkubwa aliyetoa amri.

Dawa yake si ngumu. Itengwe kompyuta moja inayofanana na zile za kazini. Itiwe mfumo mpya pamoja na programu zote za ofisi, na nakala ya daftari za hesabu, si daftari zenyewe. Kisha karani mwenyewe, wala si fundi peke yake, afanye juu yake kazi ya siku nzima: aandae mishahara, atoe risiti, achape barua. Kila kinachokwama kiandikwe. Hata jaribio likifaulu, ianze idara moja. Njia ya kurudia mfumo wa zamani iwe wazi, na siku za kulipa mishahara ziepukwe.

Wako watakaosema kwamba jaribio lapoteza muda. Na wakumbuke tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike ilipopeleka marekebisho ya programu yake ya ulinzi duniani kote kwa mara moja. Kosa lililokuwamo likaangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, na maelfu ya safari za ndege zikafutwa.

Sisi wa kandokando ya Ziwa tunao mfano mwema. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na miaka yote ya ujenzi wananchi waliendelea kuvushwa na vivuko. Vivuko havikuondolewa nguzo zikiwa bado zasimamishwa.

Basi, wafanyakazi, mwambiwapo kwamba mfumo wabadilishwa kesho, ulizeni kwa adabu: umejaribiwa wapi, na nani, na kilichokwama ni kipi? Mkubwa aliyejiandaa atawajibu mara moja. Asiyejiandaa, na aahirishe.